Mtu Mzima Hujifunzaje?

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo ya Sumbawanga na Ufipa. Mwalimu wa darasa alisome polepole. Palipoandikwa "Tusimame" awaache watu wazungumze kwanza.)

Natumaini aliye karibu na mlango ameshaufunga, maana baridi ya Sumbawanga ikiingia jioni haimwachi mtu akasikiliza.

Leo sitawafundisha herufi mpya. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa kisomo hulifikiria kimya kimya wala halisemi. Amekaa kwenye benchi. Ameshika kalamu kwa mkono ule ule ulioshika jembe miaka 30, na mkono unatetemeka. Mjukuu wake aliye darasa la pili analisoma neno lile mara moja. Yeye bado anahangaika na silabi ya kwanza. Basi anajiambia moyoni, "Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka." Siku ya pili anasema ana mgeni nyumbani. Siku ya tatu haji kabisa.

Je, ni kweli kwamba mtu mzima amekauka?

Wako watu ambao kazi yao ni kuchunguza swali la namna hii. Elimu yao huitwa saikolojia, yaani elimu ya akili na nafsi: jinsi mtu anavyowaza, anavyokumbuka na anavyojifunza. Wameifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 130. Wamebishana sana, wamekosea, wakasahihishana. Nitawasimulia safari yao, nanyi mtaona kwamba mara mbili tatu njiani walipotea vibaya, na waliowarudisha njiani walikuwa wakulima wasiojua kusoma.

Tuanze na Mjerumani mmoja, Bwana Hermann Ebbinghaus. Huyu alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri mpaka akazijua, kisha akangoja aone atazisahau upesi kiasi gani. Mwaka 1885 alitoa kitabu. Aliona kwamba mtu husahau sehemu kubwa katika saa za kwanza, na baadaye kusahau hupunguza mwendo. Tena aliona kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbali mbali kunafaa zaidi kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja.

Kwa hiyo, mama, ukisahau leo herufi uliyoijua jana usiilaumu mvi yako. Bwana Ebbinghaus alikuwa msomi mwenye umri wa miaka thelathini hivi, naye alisahau. Itazame herufi yako asubuhi kabla ya kwenda shamba, uitazame tena jioni. Dakika tano zinatosha.

Lakini angalieni bwana huyu alipima nini. Alipima silabi zisizo na maana. Nani kati yenu ametembea njia ya matope aje kujifunza vitu visivyo na maana?

Baada yake walikuja watu wa wanyama. Huko Marekani, mwaka 1898, Bwana Edward Thorndike alimtia paka mwenye njaa ndani ya sanduku lenye komeo, akaweka chakula nje. Paka alikwaruza huku na huku mpaka kwa bahati akaligusa komeo, mlango ukafunguka. Alipotiwa tena, alitoka upesi zaidi, na mara nyingine upesi zaidi. Bwana Thorndike akasema, hivi ndivyo viumbe vinavyojifunza: kujaribu, kukosea, na kulishika lile lililoleta faida. Huko Urusi Bwana Ivan Pavlov naye alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa hutokwa na mate kwa kusikia mlio tu, hata chakula kisipoletwa. Baadaye akaja Bwana Skinner na panya na njiwa zake, na mwaka 1954 akapendekeza mashine za kufundishia shuleni, ambazo zingemwonyesha mtoto papo hapo kama amejibu sawa.

Wengi wa mabwana hawa walisema kwamba yaliyomo ndani ya kichwa hayaonekani, basi tuyaache. Tutazame tendo na tuzo tu. Si uongo wote. Mwalimu akikuambia "vizuri sana" unapata nguvu, hata kama una miaka 60. Lakini wengine walichukua mafundisho kama haya wakaona yanahalalisha kitu walichokuwa nacho tangu zamani, nacho ni fimbo. Mimi mwenyewe nilisoma hesabu kwa fimbo. Nilipokosa kujumlisha nilichapwa, na mpaka leo nikiona namba nyingi ubaoni nasikia joto mgongoni. Kujumlisha nilikuja kujifunza baadaye, dukani kwa mjomba. Nilipokuwa mkubwa nikasoma kwamba Bwana Thorndike mwenyewe aliyabadili maneno yake. Mwanzo alidhani tuzo na adhabu zina nguvu sawa. Kufikia mwaka 1932 alikiri kwamba sivyo: tuzo hulitia tendo nguvu, lakini adhabu hailiondoi kosa kwa kiasi hicho hicho. Habari hiyo ilichelewa sana kufika shuleni kwetu.

Nasi watu wazima tuna fimbo yetu, ambayo ni aibu. Hakuna anayekuchapa, lakini jirani akicheka ulipokosea umechapwa.

Bwana Thorndike huyo huyo alifanya jambo jingine linalowahusu. Siku zile wasomi wakubwa waliamini kwamba mtu akipita miaka 25 akili yake imeshafungwa. Yeye akawapima watu wazima, na mwaka 1928 akatoa kitabu. Aliona kwamba nguvu ya kujifunza hupungua kwa umri, ndiyo, lakini polepole mno, kama sehemu moja kwa mia kila mwaka mpaka miaka 45 hivi. Mtu wa miaka 40 anajifunza. Huenda mtoto akamshinda mbio, lakini mbio si kitu pekee kinachotakiwa, maana mtu mzima anajua kwa nini amekuja.

TUSIMAME. Jiulizeni: ni jambo gani ulilojifunza baada ya kupata watoto? Nani alikufundisha?

Haya, tuendelee. Wako waliokataa kwamba kujifunza ni kubahatisha tu. Bwana Wolfgang Köhler, Mjerumani, alikuwa akichunguza sokwe katika kisiwa cha Tenerife wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza. Ni sokwe wa jamii ile ile walioko Gombe na Mahale, kando ya Ziwa letu la Tanganyika. Sokwe mmoja aliyeitwa Sultan alitaka ndizi iliyokuwa nje ya kizimba, na fimbo zake mbili zilikuwa fupi. Alijaribu, akashindwa, akaacha. Baadaye, akizichezea tu, akaichomeka moja ndani ya nyingine, akapata fimbo ndefu, mara akakimbilia ndizi. Köhler akasema sokwe ameona jinsi mambo yanavyohusiana. Basi kama sokwe ana kitu ndani ya kichwa, je binadamu?

Toka hapo wanasaikolojia walianza kuingia kichwani. Bwana Jean Piaget wa Uswisi aliwatazama watoto kwa miaka mingi, akasema mtoto si chungu kitupu cha kujazwa maji. Hujijengea mawazo yake kwa kushika, kujaribu na kuuliza. Lakini leo hatuzungumzi juu ya watoto. Twende Urusi, kwa Bwana Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Yeye alisema kwamba mtu hujifunza kwanza pamoja na mwenziwe, ndipo analiweka jambo ndani yake. Usipime tu anayoyaweza peke yake. Pima na yale anayoyaweza akisaidiwa kidogo, maana hayo ndiyo atakayoyaweza peke yake kesho.

Rafiki yake, Bwana Alexander Luria, alikwenda kwa wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Wengi hawakujua kusoma. Hapa nataka msikilize vizuri, maana wangaliweza kuwa ninyi.

Luria aliwaonyesha picha nne: nyundo, msumeno, shoka na gogo. Akauliza, kipi hakifanani na wenzake? Aliyesoma shule hujibu, gogo. Vingine vyote ni vyombo vya kazi. Wakulima walisema vyote ni vya pamoja. Msumeno utakata nini, na shoka litapasua nini, kama gogo halipo? Akawauliza tena: Kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe. Mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? (Dubu ni mnyama mkubwa mwenye manyoya, wa nchi za baridi.) Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na mambo ambayo mtu hajayaona hayasemi, aulizwe aliyefika.

Luria akaandika kwamba asiyesoma huwaza kwa vitu anavyovishika, wala hawezi kwa urahisi kuwaza kwa maneno matupu. Watu waliposoma maneno haya, wengine wakatoka na neno baya kuliko lake: kwamba asiyejua kusoma ana akili pungufu.

Mimi nasema tuwe waangalifu. Shahidi barazani akisema asiyoyaona, sisi twamwitaje? Mwongo. Yule mkulima alijibu kama mtu mwaminifu.

Aliyetufungua macho ni mkulima mwingine, huko Liberia, Afrika Magharibi, katika kabila la Kpelle. Mmarekani mmoja, Bwana Joseph Glick, aliwapa watu vitu wavipange katika mafungu: vyakula, vyombo na kadhalika. Alitaka vyakula vikae na vyakula, vyombo na vyombo. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, jembe pamoja na kiazi, wakamweleza kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Bwana Glick akachoka. Mwisho akauliza, na mpumbavu je, angepanga namna gani? Papo hapo wakampangia vyakula huku na vyombo kule, sawa kabisa na alivyokuwa akitaka tangu asubuhi.

Kisa hicho kina funzo kubwa. Uwezo ulikuwapo. Wakulima hawakujua tu kwamba mgeni anauliza kwa kawaida ya shule, nao walimheshimu wakampa jibu la wenye busara.

Katika Liberia hiyo hiyo liko kabila la Vai, wenye maandishi yao wenyewe ambayo watu hufundishana nyumbani, nje ya shule. Bibi Sylvia Scribner na Bwana Michael Cole, ambaye aliwahi kusoma kwa Luria, waliwapima kwa miaka kadhaa, wakatoa kitabu mwaka 1981. Walitaka kujua kama kusoma peke yake humgeuza mtu kuwa na akili nyingine. Waliona kwamba sivyo. Kusoma humpa mtu ustadi wa yale anayoyafanya kwa kusoma, kama kuandika barua inayoeleweka kwa aliye mbali. Mazoea ya kueleza kwa maneno sababu ya jibu yalitoka zaidi shuleni.

Hata hapa kwetu upimaji umefanyika. Katika wilaya ya Bagamoyo wataalamu waliwapima watoto zaidi ya 300, wakatoa habari zake mwaka 2002. Mtoto alipewa fumbo, kisha akaonyeshwa kwa muda mfupi, chini ya saa moja, njia ya kufumbua, kisha akapimwa tena. Alama zikapanda. Ni lile wazo la Vygotsky: mtoto aliyeonekana hana kitu alikuwa hajaonyeshwa tu.

Sasa turudi nyumbani Ufipa. Nani aliwafundisha wazee wetu kilimo cha matuta? Mvua zikikaribia kwisha, majani hukatwa na kufukiwa chini ya udongo, tuta likainuliwa juu yake. Majani huoza, maharage au mboga hupandwa juu, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, ulezi ukapandwa. Mabwana shamba wa kikoloni hawakuja na jambo hili, walilikuta. Na yale malungu, tanuri za chuma, ambazo nyingine zilipita kimo cha mtu mara moja na nusu na mabaki yake bado yanaonekana, yalijengwa bila mchoro kwenye karatasi. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuri ndogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Ni lazima mtu ajue udongo, makaa, mawe na moto vinavyohusiana, kama gogo na msumeno.

Ujuzi wa namna hii hupatikana kwa kushiriki kazi. Bibi Jean Lave aliwatazama mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970. Mwanafunzi hakuanza kwa kukata kitambaa, maana kosa la mkasi ni hasara. Alianza mwishoni mwa kazi: kupiga pasi, kukunja pindo, kutia vifungo. Huku anaona jinsi nguo nzima ilivyo. Kukata alikuja kufundishwa baadaye. Mama anayemfundisha binti kupika huanza hivyo hivyo. Hampi mtoto chungu kizima siku ya kwanza.

TUSIMAME. Kila mmoja aseme kazi moja anayoiweza vizuri, na hatua aliyoanza nayo alipojifunza.

Pengine mzee mmoja atasema, "Mwalimu, kama akili tunazo, kusoma ni kwa nini?" Swali zuri. Yule mkulima aliyejibu "muulizeni aliyefika" alikuwa na haki, lakini karatasi haina mtu wa kumwuliza. Mfuko wa dawa ya mimea una maneno, wala aliyeyaandika hayuko. Mkataba wa shamba hausemi kitu zaidi ya kilichoandikwa. Siku ile unapotia dole gumba, maneno ya kwenye karatasi ndiyo yatakayosimama barazani, si yale mliyoambiana chini ya mti. Kuyachukua maneno kama yalivyo, na kuuliza yanaleta nini, ni ustadi, nao hufundishika. Wale wa Uzbekistan waliokwisha kusoma hata kwa muda mfupi walianza kulijibu swali la dubu.

Nchi yetu iliwahi kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alipoeleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano alisema watu wazima waelimishwe kwanza, maana watoto wangechukua miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, vilianza huko Mwanza vitabu vya kisomo vinavyohusu kazi yenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 waliobaki walikuwa 39 kwa mia, na mwaka 1986 walihesabiwa chini ya 10 kwa mia. Miaka iliyofuata madarasa mengi yalififia, na hesabu ya wasiojua kusoma ikapanda tena.

Mbrazili mmoja, Bwana Paulo Freire, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1963 aliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 katika mji mdogo wa Angicos kwa saa 40 hivi. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alianza na neno la maisha yao, kama tofali. Walizungumza kwanza: nani analifyatua, nani analala katika nyumba ya matofali? Ndipo neno likakatwa vipande, na vipande vikazaa maneno mengine.

Na yule samaki? Mwaka 2010 wataalamu walitoa habari za kupima bongo za watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Wengine hawakusoma kabisa, wengine walisoma utotoni, wengine walijifunza ukubwani. Sehemu ya ubongo inayozitambua herufi iliitika pia kwa wale waliojifunza wakiwa watu wazima. Ilikuwa bado inakunjika.

Haya, kalamu mkononi. Neno letu la leo ni ULEZI. Zungumzeni kwanza: nani bado anaulima, na bei yake sokoni ni nani anayeipanga? Kisha mlikate: u - le - zi. Andikeni la, le, li, lo, lu. Tena za, ze, zi, zo, zu. Kwa vipande hivyo na irabu mtapata leo, lea, uza, zoa, zizi. Akina mama watasema ulezi ni kulea watoto pia, nao watakuwa sawa. Andikeni na hilo. Somo lijalo kila mmoja alete neno moja alilolitunga mwenyewe, hata kama lina kosa. Yule jirani aliyesema ana mgeni, mmoja wenu apite kwake kesho amwambie tumeanza neno jipya.

Kwaherini.